Pikipiki inakunywa mafuta: je, ni athi? Dalili, vyanzo na namna ya kupima

Kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya ya petroli tarehe 14, siku mbili tatu zinazofuata gereji hujaa. "Fundi, hii pikipiki inakunywa." Siku hizi wengi huja na jibu tayari. Mmoja ameambiwa stejini Kondele, hapa Kisumu, kwamba athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) imekufa, mwingine ameshauziwa waya mnene wa rangi akiahidiwa kwamba akiufunga kutoka betri hadi injini, lita moja itamfikisha mbali zaidi.

Nianze na msimamo wangu, halafu tupime pamoja. Athi nzuri haiongezi kilomita. Athi mbovu ndiyo inayoweza kuzipunguza, na si kwa kila pikipiki. Anayekuuzia waya wa ziada bila kuweka mita ya umeme kwenye betri yako anakuuzia dawa bila kukupima.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Umeme hutoka kwenye ncha chanya ya betri kupitia waya hadi kwenye taa, honi na koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), kisha lazima urudi kwenye ncha hasi. Njia hiyo ya kurudi mara nyingi ni chuma cha fremu na mwili wa injini, halafu waya mmoja mnene unaofungwa kwa bolti chini ya kiti au karibu na injini. Hiyo ndiyo athi. Kwenye Honda na pikipiki nyingi za Kichina nyaya ndogo za athi ni za kijani, kwenye Yamaha ni nyeusi. Mahali pa kuungia pakiota kutu, pakipakwa rangi au pakilegea, umeme hurudi kwa taabu na kila kifaa hupata pungufu.

Kabla ya kufungua chochote: pima mafuta

Usitegemee mshale wa tenki wala hisia. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya katikati, jaza hadi alama unayoweza kuirudia, andika namba ya kilomita. Endesha kazi yako ya kawaida angalau kilomita 100. Kisumu hadi Kakamega na kurudi ni kama hizo. Rudi kwenye pampu ileile, jaza hadi alama ileile, gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kilomita 100 kwa lita 2.5 ni kilomita 40 kwa lita. Fanya hivyo mara mbili, maana siku ya abiria wawili na gunia la mahindi haifanani na siku ya kubeba barua.

Dalili ya kwanza: mafuta yanaisha haraka, lakini taa, honi na stata viko sawa kabisa

Hapa achana na athi. Chanzo cha kawaida ni upepo wa tairi. Bonyeza kwa kidole ukipenda, lakini kidole hudanganya. Tumia kipimo, na ufuate namba zilizo kwenye kibandiko cha pikipiki yako. Pili ni breki inayokokota: inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likisimama kabla ya mzunguko mmoja, umepata. Gusa drami ya breki baada ya safari fupi usiyofunga breki sana. Ikiwa moto, breki inakula petroli yako. Tatu ni chujio la hewa. Anayepita barabara za miwa za Muhoroni na Chemelil wakati wa kiangazi anajua vumbi lile, na chujio lililoziba hunyima injini hewa hadi mchanganyiko unazidi petroli. Kisha angalia cheni iliyokauka au kukazwa mno, choki isiyorudi hadi mwisho, na floti ya kabureta inayovuja. Kuvuja kwa floti utakujua kwa harufu asubuhi na unyevu kwenye mpira wa chini ya kabureta.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nandi Hills iko karibu mita 2,000. Kabureta iliyorekebishwa vizuri huku chini, ukipanda nayo kule, hewa ni nyepesi na petroli inayotoka jeti (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) ni ileile, hivyo injini huwa nzito, moshi huwa mweusi kidogo, na plagi huchafuka. Hilo si kosa la umeme. Ukihamia kule kikazi, fundi akubadilishie jeti au arekebishe kabureta huko huko.

Dalili ya pili: mshale unashuka haraka, lakini hesabu ya lita haijabadilika

Hapa athi inaweza kuhusika moja kwa moja, na bado hujapoteza hata tone. Ndani ya tenki kuna floti iliyounganishwa na kifaa kinachobadilisha ukinzani (ugumu wa umeme kupita) kadiri petroli inavyopungua. Mshale husoma ukinzani huo. Tenki limekaa juu ya mipira, kwa hiyo kifaa hicho kina waya wake wa athi. Waya huo ukipata kutu kwenye soketi, ukinzani wa kutu hujumlishwa na ule wa floti, mshale unasoma uongo. Kwa nyingi hulala upande wa tupu, kwa nyingine huelekea upande wa kujaa, inategemea muundo.

Jaribio ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini, tazama mshale, kisha washa indiketa. Mshale ukicheza kwa mdundo wa indiketa, vifaa hivyo viwili vinagombania athi moja iliyo mbovu. Kanyaga breki uone kama unashuka zaidi. Fuata soketi ya chini ya tenki, ichomoe, itazame: pini ya kijivu au yenye unga wa kijani inahitaji kusafishwa. Mfano hai: kijana mmoja aliniambia pikipiki yake imeanza kumaliza tenki kwa siku moja. Tulipopima lita, matumizi yalikuwa yaleyale ya mwaka mzima. Alikuwa anajaza mapema kila jioni kwa kuogopa mshale, akaona anajaza mara nyingi.

Onyo: kutoa floti yenyewe kwenye tenki ni kazi ya mvuke wa petroli. Kama soketi ni safi na mshale bado unadanganya, mpelekee fundi mwenye nafasi ya hewa, mbali na jiko na mashine ya kuchomelea.

Dalili ya tatu: petroli inaisha, injini inamisi ikipanda, plagi nyeusi, taa zinafifia

Hii ndiyo dalili inayonifanya nishike mita. Nitaizungumzia kwa urefu.

Mzee mmoja anayebeba samaki kutoka Dunga hadi Kibuye alikuja mwaka jana akiwa amekata tamaa. Kabureta ilikuwa imefunguliwa mara tatu kwingine.

"Fundi, nimebadilisha jeti, nimebadilisha plagi, bado inakunywa na inakatakata nikipanda Mamboleo."

"Mzee wangu, taa ikoje usiku?"

"Taa? Taa ni ya njano tu, nilidhani balbu imechoka."

Nikatoa kiti. Sanduku lake la samaki hukaa juu ya keria, barafu ikiyeyuka maji hutiririka taratibu kupitia pembeni ya kiti na kudondokea bolti ileile inayofunga waya wa athi kwenye fremu. Bolti ilikuwa imevaa unga wa kijani na mweupe kama chumvi, na washa yake (ile pete bapa ya chini ya bolti) ilikuwa imeliwa na kutu hadi imekuwa nyembamba kama karatasi. Nilipoikaza kwa spana ilizunguka bila kubana chochote.

Mita ilionyesha volti 0.9 kati ya mwili wa injini na ncha hasi ya betri huku taa zikiwaka. Pikipiki yake ilikuwa ya aina ambayo CDI, kisanduku cha umeme kinachoiamuru koili itoe cheche, hutegemea umeme wa betri, kwa hiyo cheche ilikuwa dhaifu injini ikifanya kazi nzito. Petroli inayoshindwa kuwaka hutoka na moshi. Lakini sehemu kubwa ya hasara haikutoka hapo. Kwa kuwa injini ilikuwa inazimika ikiwa taratibu, mafundi walikuwa wameongeza petroli kwa skrubu ya kabureta, na mzee mwenyewe alizoea kuacha choki nusu asubuhi nzima. Athi mbovu ilizaa marekebisho mabaya, na marekebisho mabaya ndiyo yaliyokunywa. Ukirekebisha athi peke yake bila kurudisha skrubu na jeti mahali pake, utabaki na moshi mweusi na kusema athi haikuwa tatizo.

Vyanzo vya dalili hii, kwa mpangilio ninaoukuta mara kwa mara: kwanza plagi iliyochoka au yenye mwanya uliopanuka (kwa pikipiki nyingi ndogo mwanya ni milimita 0.6 hadi 0.8, kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho). Pili kofia ya plagi na waya wake mnene, hasa baada ya mvua. Tatu betri iliyochoka au isiyochajiwa. Nne athi ya fremu na injini. Tano koili yenyewe, maana koili nyingi ndogo hupata athi kupitia bolti inayoifunga kwenye fremu. Fremu ikipakwa rangi upya na koili ikifungwa juu ya rangi, njia imezibwa. Mwisho CDI, ambayo watu huibadilisha mwanzo kwa sababu ni rahisi kuuza.

Kipimo changu kiko hivi. Hakikisha betri iko hai: ikiwa imepumzika, volti 12.6 au zaidi ni nzuri, chini ya 12.0 imeisha. Weka mita kwenye volti za betri, kipimo cha 20 au cha 2. Ncha nyekundu ya mita iguse chuma kitupu cha injini, nyeusi iguse nguzo ya risasi ya upande hasi wa betri, nguzo yenyewe, usiguse kishikio chake. Washa taa kubwa, kanyaga breki, piga honi. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, athi yako ni nzuri na hakuna waya wa ziada utakaoifanya iwe nzuri zaidi. Ikisoma 0.5 au zaidi, kuna kazi. Wakati wa kubonyeza stata inaruhusiwa kupanda hadi karibu 0.5, maana stata huvuta umeme mwingi.

Kisha tafuta mahali hasa. Pima kati ya nguzo na kishikio, kishikio na bolti ya fremu, bolti na fremu, fremu na injini. Palipo na volti nyingi ndipo palipougua. Namba husema ukweli ambao jicho halioni, kwa sababu kutu mara nyingi hujificha chini ya washa inayong'aa.

Kuona kwa nini volti chache ni tatizo, chukua taa ya wati 35. Kwa volti 12 ukinzani wake ni kama omu 4. Ukiweka nusu omu tu ya kutu kwenye athi, taa hubaki na karibu volti 10.7, na mwanga hushuka zaidi kuliko volti zinavyoshuka. Ndiyo maana taa ya njano ni shahidi wa kwanza.

Kusafisha. Zima swichi. Toa waya hasi wa betri kwanza na urudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu itatoa cheche na inaweza kuchoma mkono. Ondoa bolti, piga msasa pete ya waya, washa na sehemu ya fremu hadi chuma king'ae. Funga kwa washa ya meno, kaza vizuri, kisha paka vaselini au grisi juu baada ya kukaza ili maji yasiingie. Usipake kabla, wala usipake rangi. Pete iliyooza kata waya hadi ufike shaba nyekundu isiyo na weusi, funga pete mpya kwa koleo ya kubana. Kusokota shaba kwenye bolti na kuzungushia gundi ya plastiki ni kazi ya wiki mbili.

Onyo la cheche: kujaribu plagi nje ya injini, mwili wa plagi lazima uguse chuma cha injini imara. Koili hutoa volti maelfu, na cheche isiyopata njia huweza kuharibu CDI yenyewe au kukurusha. Weka plagi mbali na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli hutoka pale. Na kamwe usiiwashe injini huku betri imetolewa ili kuona kama ni athi. Volti hupanda ghafla, balbu na CDI huungua.

Dalili ya nne: stata inazunguka kwa uvivu, betri hufa kila baada ya siku chache

Tumia kiki ukiweza na uangalie kama injini huwaka mara moja. Pima chaji: injini ikiwa kwenye kasi ya kati, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.5 na 14.8. Chini ya hapo, anza na soketi ya rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa injini ili uchaji betri) na athi yake. Pini iliyoungua rangi ya kahawia utaiona kwa macho. Zaidi ya volti 15, simama. Zima injini, usiende nayo Ahero wala Maseno, peleka kwa fundi wa umeme, kwani betri inachemka na gesi yake hulipuka. Betri ya maji ikimwaga asidi kwenye ngozi, osha kwa maji mengi mara moja.

Dalili ya tano: pikipiki ya injeksheni, taa ya injini inawaka, moshi mweusi injini ikishapata moto

Hapa athi ina nguvu kubwa zaidi kuliko kwenye kabureta, na inastahili kueleweka. Kompyuta ya injini hujua joto la injini kwa sensa ambayo ukinzani wake hupungua kadiri injini inavyopata moto. Kutu kwenye athi ya sensa huongeza ukinzani. Kompyuta inasoma ukinzani mkubwa, inaamini injini bado ni baridi, na kuongeza petroli kana kwamba ni saa kumi na mbili asubuhi. Unapanda na kushuka na choki isiyoonekana. Skuta zenye choki ya umeme nazo hufanya kitu kinachofanana: kifaa chake kisipopata athi, hakipati moto, choki haijiondoi na petroli ya ziada inaendelea kuingia.

Chomoa soketi ya sensa huku swichi imezimwa, tazama pini, rudisha kwa kubana. Kagua bolti ya athi karibu na injini na usafishe kama nilivyoeleza. Soketi zikiwa safi na taa ya injini bado inawaka, usianze kukata nyaya na kujaribu. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kusoma misimbo ya makosa. Kompyuta iliyounguzwa kwa kujaribujaribu hugharimu zaidi ya petroli uliyotaka kuokoa.

Chaja ya simu, taa za ziada, spika na kifaa cha kufuatilia

Kila kimoja hupenda kufungwa kwenye bolti ileile ya athi kwa sababu iko karibu. Nimeona bolti moja yenye pete sita na mbili kati yake ni nyaya zilizosokotwa. Pete ya juu hulegeza ya chini. Wekeni bolti ya pili kwenye fremu, chuma kitupu, na fyuzi kwenye upande chanya wa kila kifaa karibu na betri. Athi ya kifaa kinachovuta sana iende moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri.

Wengine huniuliza kama kuzima taa kutawaokolea petroli. Kwa pikipiki nyingi ndogo, sumaku na koili za injini hutengeneza umeme uleule na rektifaya huutupa usiohitajika kuwa joto, kwa hiyo ukizima taa tofauti ni ndogo sana. Washa taa uonekane.

Baada ya kuchomelea keria au kupaka rangi

Matatizo yanayoanza siku hiyohiyo yana chanzo kilicho wazi. Mashine ya kuchomelea hupitisha umeme mkubwa kwenye fremu, na kama betri ilikuwa imeunganishwa, rektifaya, CDI au kompyuta inaweza kuwa imekwenda. Mwambie mchomeleaji kabla hajaanza: toa waya zote mbili za betri, chomoa CDI au soketi ya kompyuta, na bano lake la athi likae karibu kabisa na mahali anapochomelea, mbali na injini. Rangi ikikauka, kwangua chini ya kila bolti ya athi na ya koili kabla ya kufunga.

Ikiwa baada ya kuchomelea hakuna cheche kabisa, au kuna waya unaotoa harufu ya plastiki, au fyuzi inaungua mara tu unapobadilisha, usiweke fyuzi kubwa zaidi wala usizungushie karatasi ya sigara. Fungua ncha hasi, iache pikipiki hapo ilipo, umwite fundi wa umeme wa pikipiki aje na mita.